Raba za Breki

Mwezi uliopita niliingia kwenye duka moja la spea kule Mkuyuni, Mwanza, kutafuta balbu ya taa ya nyuma, nikatoka bila balbu. Muuzaji alikuwa ametoka kupasua mfuko wa nailoni uliojaa raba mpya za pedeli, na ile harufu ya mpira ambao haujakanyagwa na mtu ikanifikia kabla sijamaliza salamu. Nikasimama pale nacheka peke yangu kama mtu aliyechanganyikiwa.

"Dada, kuna tatizo?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna. Ningemwambia nini? Kwamba nikiwa darasa la tatu nilikaribia kumteremsha shangazi yangu mpaka ziwani siku ya harusi yake, akiwa ndani ya shela, na kwamba nilifanya hivyo kwa mapenzi?

Kwa mtoto wa Ilemela wa wakati wetu, neno raba lilikuwa na maana moja tu. Wenzangu wa rika langu wanajua. Raba ni viatu vya kitambaa, vyeupe, vyenye soli ya mpira na kamba ndefu, ambavyo mtu akivivaa siku ya michezo hata walimu wanamtazama mara mbili. Mimi nilikuwa nazo, lakini zilikuwa zimepita kwa binamu zangu wawili kabla ya kunifikia. Weupe ulikuwa umeishia kwa binamu wa kwanza, na soli ikaishia kwa wa pili. Chini zilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni.

Nyumba yetu ilikuwa juu kwenye mawe. Anayejua mitaa ya Ilemela hahitaji kuelezwa zaidi. Kutoka mlangoni kwetu mpaka bombani ilibidi kuvuka jiwe moja pana kama uwanja wa netiboli, lililolalia upande wa ziwa, na mvua ikinyesha lilikuwa linateleza mno. Jumamosi moja nilivuka na ndoo kichwani, nikiwa nimevaa zile raba zangu, miguu ikaniponyoka. Ndoo ikaenda upande wake. Mimi nikateremka kwa makalio mpaka uani kwa jirani yetu wa chini, Mama Bhoke, mwanamke wa Musoma aliyekuwa akianika dagaa kwenye vyandarua kuukuu. Nilisimama nusu hatua kabla ya dagaa wake.

Aliniangalia, akaendelea kuwageuza dagaa. "Leo umekuja na usafiri gani?" akaniuliza.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na alikuwa na gari. Lilikuwa gari dogo la bluu iliyopauka, alilouziwa na mwalimu mwenzake aliyestaafu, na aliliendesha vilevile alivyosahihisha madaftari, polepole na kwa mashaka. Kabla ya kwenda popote, hata dukani, alilizunguka gari lote, akagonga kila tairi kwa kisigino, akafungua boneti, akaitazama mashine kwa muda kama anayetafuta kosa. Mama alikuwa akisema kwamba anayeharakia kanisani aende kwa miguu.

Pamoja nasi aliishi Shangazi Holo, mdogo wake Baba. Baba alimlea tangu wazazi wao walipofariki, akamsomesha, akamnunulia cherehani. Shangazi alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko kilichosikika mpaka bombani, na mwaka ule alipata mchumba. Watu wakamshauri akodi gari kubwa la harusi lenye kiyoyozi. Akakataa. Alisema kaka yake ndiye aliyempeleka shule siku ya kwanza, na kaka yake huyohuyo ndiye atakayempeleka kanisani, kwa gari lake, hata kama watafika Pasaka ijayo.

Harusi ilipangwa Jumamosi. Jumatatu ya wiki hiyo nilikuwa uani naosha vyombo, dirisha likiwa wazi, nikamsikia Baba akiongea na Mama sebuleni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshtuka na hataki ijulikane.

"Raba zimekwisha kabisa, mama Minza. Zimekuwa laini, hazina hata mstari mmoja. Leo na hii mvua mguu umeteleza pale kwenye jiwe, kidogo tu tungekuwa tunazungumza mengine."

"Basi nunua zingine, nini cha kufikiri?" Mama akasema. "Na iwe kabla ya Jumamosi. Tusije tukaaibika mbele za watu."

"Nitakwenda Mkuyuni Jumatano. Nataka raba za breki nzuri, zisizoteleza."

Nikaacha sufuria. Sasa nikuulize wewe unayesoma, mtoto wa miaka tisa aliyeanguka kwenye jiwe siku mbili tu zilizopita, mwenye raba zisizo na hata mstari mmoja, angeelewa nini? Nilielewa kwamba Mama Bhoke amesema, kwamba wazazi wangu wamenionea huruma, na kwamba nitanunuliwa raba mpya za kuvaa harusini. Tena siyo raba za hivihivi. Raba za breki! Nilijiona nashuka jiwe letu mbiombio na ndoo mbili, nikifika chini nakanyaga kidogo tu, nasimama palepale kama basi la mikoani.

Kesho yake shuleni nilimwambia rafiki yangu Bhoke, mtoto wa Mama Bhoke. Yeye na mimi tulikuwa tumechaguliwa kukimbia kwenye michezo ya shule Ijumaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakunja uso.

"Raba zenye breki?"

"Ndiyo. Za Mkuyuni."

"Za nini sasa? Mtu wa mbio breki ya nini?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikamwambia ni za kusimamia baada ya kushinda. Mpaka saa ya uji, darasa zima lilikuwa linajua.

Jioni ya Jumanne nikamwona Baba amelala kifudifudi kwenye gari, kichwa kikiwa chini ya usukani, kalamu ya risasi mkononi. Sikujali, kwa kuwa Baba na gari lake walikuwa na mambo yao. Lakini baadaye niliikuta bahasha mezani, na juu yake ameandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: RABA. Nikachungulia. Ndani mlikuwa na karatasi ya daftari yenye maumbo mawili yaliyochorwa kwa mkono. Chini ya moja ameandika "Breki, kulia". Chini ya jingine, "Klachi, kushoto".

Kulia na kushoto! Kama nilikuwa na shaka hata chembe, ikaisha. Klachi sikujua ni nini, lakini nilikisia kwamba ndilo jina la kiatu cha kushoto cha aina ile. Kilichonisumbua ni vipimo. Maumbo yenyewe yalikuwa mafupi, mapana, yenye pembe nne. Ule haukuwa mguu wa mtu, labda wa meza. Nikakaa nikamwonea Baba huruma. Wiki ile alikuwa anatufundisha eneo la mstatili, na nikaona amezama mno kwenye somo mpaka amesahau kwamba mguu una vidole.

Nikatoa karatasi yangu. Nikavua ndala, nikakanyaga, nikachora mguu wa kulia na wa kushoto, kila kidole, hata kile kidogo kilichokaa upande. Chini nikaandika kwa herufi nzuri: "Huu ndio mguu wenyewe". Nikaitia kwenye bahasha. Ile ya Baba nikaitumbukiza jikoni kwenye makaa, asije mtu akaiona akamcheka, mwalimu mzima.

Jumatano alipotoka shuleni nilikuwa tayari nimeosha miguu mara mbili. Nikaomba kwenda naye, akakubali. Gari aliliacha nyumbani. Alisema halitoki mpaka raba zipatikane, nami nikashangaa kidogo kwa nini safari za gari zinasubiri viatu vyangu, ila nikaona ni heshima.

Duka alilonipeleka halikuwa na kiatu hata kimoja. Mikanda ya mashine ilikuwa imening'inia ukutani kama nyoka waliokaushwa, kulikuwa na makopo ya oili, na kijana mmoja mwembamba nyuma ya kaunta. Alipomwona Baba alisimama wima, mikono nyuma. Jina lake Makoye. Baba alikuwa amemfundisha miaka saba, na ilionekana miaka saba haijamtoka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Makoye. Hujambo? Nina shida ya raba za pedeli, ya breki na ya klachi. Vipimo nimekuletea, usihangaike."

Akampa bahasha. Makoye akatoa karatasi, akaikunjua, akaitazama. Akaigeuza juu chini. Akaisogeza kwenye mwanga. Nilimwona anatafuta maneno ambayo mwanafunzi anaweza kumwambia mwalimu wake bila kuchapwa.

"Mwalimu," akasema mwishowe, taratibu, "gari lako ni la aina gani hili?"

"Kwa nini?"

"Pedeli ina vidole."

Baba akaipokea karatasi. Akaisoma yote, pamoja na maelezo ya chini. Kisha akaniangalia, akaiangalia miguu yangu iliyokuwa inang'aa kwa kuoshwa, akaniangalia tena usoni. Alikuwa na desturi ya kuniita Mayu, yaani mama, kwa kuwa jina langu, Minza, ni la mama yake, na alilitumia jina hilo hata alipokasirika.

"Mayu, hiki ni nini?"

"Ni mguu wangu, Baba."

"Na karatasi yangu iko wapi?"

"Niliichoma. Ulikuwa umekosea."

Makoye akageuka ghafla kuelekea kwenye rafu, akaanza kupanga makopo ya oili ambayo yalikuwa yamepangika tayari. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Nami hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba kuna jambo haliko sawa, na lilipoanza kuniingia, lilikuja lote kwa pamoja. Mkuyuni nzima ikanisikia nikilia.

Baba hakunigombeza. Alichuchumaa pale mbele ya kaunta, akafuta uso wangu kwa leso yake yenye chaki, akaniambia kwamba raba zangu mimi zitakuja mwezi ujao, hiyo ni ahadi. Hizi za leo zilikuwa za gari. "Gari nalo lina viatu vyake, Mayu. Pale ninapokanyaga ili lisimame pana raba yake, na ikilika, mguu wangu unateleza kama ulivyoteleza wewe siku ile. Mimi nikiteleza siendi peke yangu. Nakwenda na Holo, na mama yako, na wewe." Kisha akasimama, akamtajia Makoye vipimo vyote kwa kichwa, upana na urefu, mpaka nusu sentimita. Mtu wa hesabu hahitaji karatasi.

Akanipa mimi nizibebe. Nilizishika njia nzima nimezikumbatia kifuani, zikinukia upya, na hasira zangu zikawa zinapungua kidogokidogo. Gari lina viatu vyake. Hilo nililishika sana. Laiti angeniambia jambo jingine.

Alhamisi mchana tukazifunga. Nasema tukazifunga kwa kuwa Baba alianza peke yake, akashindwa. Alilala chali, kichwa chini ya usukani, miguu ikitokeza mlangoni, akaivua raba ya zamani, na nikaiona kwa mara ya kwanza. Mistari yote ilikuwa imefutika, na kwenye pembe moja mpira ulikuwa umechanika mpaka chuma kinaonekana. Mpya ilikataa kuingia. Unapaswa kuipaka maji ya sabuni kidogo, uipachike upande mmoja, kisha uivute ukingo wake upite juu ya chuma pande zote, na vidole vya Baba vilikuwa vinene. Alivuta, ikaruka ikampiga puani. Akavuta tena.

Mama Bhoke akapita na beseni lake kichwani. Akaikuta ile miguu miwili nje ya mlango, akaisalimia.

"Mwalimu, habari za mchana?"

"Njema," miguu ikajibu. "Za dagaa?"

"Wanakauka. Nimefikiri umezirai."

"Bado."

Mwishowe akatoka, jasho linamtiririka, akaniangalia vidole. "Mayu, hebu ingia wewe." Nikaingia chini kule na mpini wa kijiko, nikawa nauingiza chini ya ukingo wa mpira na kuuvuta juu ya chuma, kona baada ya kona, yeye akinielekeza kwa sauti kutoka nje. Klachi ikaingia. Breki ikaingia. Alikagua mwenyewe, akazivuta, akazipinda, akazibonyeza kwa mkono, kisha akasema neno ambalo kwenye daftari langu sikuwahi kuliona: "Vizuri sana." Akazifuta sabuni kwa kitambaa kikavu. "Zisiwe na unyevu hata kidogo," akasema.

Ijumaa nikakimbia peku. Bhoke naye alikuwa peku, akanishinda kwa hatua mbili, na wakati ninamkaribia mwishoni watoto wote walikuwa wanapiga kelele, "Breki! Breki zimemkamata!" Nililibeba jina hilo mpaka darasa la saba.

Jioni ile nyumba ilijaa wageni na moshi. Mama alikuwa anapaka dawa viatu vya watu wote, amevipanga ukutani jozi kwa jozi, vinameremeta. Shangazi Holo alikuwa amekaa kwenye mkeka anajipaka mafuta miguuni, akisema kesho hata visigino vyake vitapigwa picha. Kila kitu kilikuwa kinang'arishwa. Nikaenda kuchungulia kwenye gari. Wajomba walikuwa wameliosha na kulifunga riboni, lakini pale chini viatu vyake vilikuwa vyeusi vya kufifia, vimepauka kwa ile sabuni iliyokaukia, kama viatu vya mtu asiye na ndugu.

Ningeyaachaje hayo? Nilikuwa nimezifunga mimi. Nikachukua kopo la mafuta ya mgando la Shangazi, nikaingia chini ya usukani, nikapaka. Nikasugua kwa kitambaa. Nikapaka tena kwenye ile mistari, kila mstari, mpaka ikajaa. Zilipendeza kiasi cha kuonea haya kuzikanyaga. Sikumwambia mtu, maana nilitaka Baba azione mwenyewe asubuhi.

Jumamosi jua lilitoka safi, ziwa limetulia chini kule. Gari lilikuwa limeegeshwa juu mlangoni, nyuma yake barabara yetu ya mawe ikishuka kuelekea kwa akina Bhoke. Shangazi Holo aliingizwa kiti cha nyuma na watu watatu, shela likafuata, likajaza gari lote mpaka Mama aliyekaa kando yake akawa anaonekana kichwa tu. Mimi nilikuwa bado nje, nasubiri kuambiwa nikae wapi. Baba, kwenye suti yake na viatu vipya vya ngozi, akalizunguka gari kama kawaida yake. Akagonga matairi. Akafungua boneti, akatazama, akafunga. Raba hakuzikagua. Zilikuwa mpya, na aliyezifunga alimwamini.

Akaingia, akawasha, akakanyaga breki, akashusha hendibreki.

Mlango wake ulikuwa bado wazi, nikakiona kiatu chake kikitoka kwenye pedeli kama samaki anavyotoka mkononi. Kikagonga chini. Akakirudisha, kikatoka tena, upande wa pili safari hii, na goti likapiga usukani, honi ikalia. Gari likaanza kurudi nyuma. Halikuwa na haraka, lilirudi kwa heshima, kama mgeni anayeaga. Wanawake waliokuwa wameanza kupiga vigelegele waliendelea kupiga, wakidhani ndiyo safari.

"Kaka!" nikasikia sauti ya Shangazi ndani ya shela. "Kakaa! Kanisa liko upande wa pili!"

Baba akapata akili ya kuvuta hendibreki, lakini gari lilikuwa limeshafika. Liliingia kwa matako kwenye vyandarua vya Mama Bhoke, likapanda juu ya dagaa, likaegemea lundo la mchanga wa watu wanaojenga, likasimama. Kisha kuku wa mtaa mzima wakaja.

Hakuna aliyeumia. Dagaa walikuwa kwenye matairi, kwenye riboni, na Shangazi alipofungua mlango kuvuta pumzi, wengine wakapanda kwenye pindo la shela. Mama Bhoke alisimama, mikono kiunoni, akalitazama gari, akamtazama Baba.

"Mwalimu, kama ulikuwa unataka dagaa si ungesema tu, nikakupimia?"

Watu wakaangua kicheko, lakini Baba hakucheka. Alishuka, akapiga magoti kwenye vumbi na suti yake, akapitisha kidole kwenye pedeli, akakinusa. Nikamwona uso unabadilika.

"Mafuta," akasema. "Raba zinatoa mafuta! Makoye ameniuzia mali mbovu. Mwanafunzi wangu mwenyewe, miaka saba, angeniulia dada yangu!" Akatoa simu mfukoni. Sijawahi kumwona Baba na hasira ya namna ile. Alisema atamshitaki, atakwenda kwa wazazi wake, atahakikisha hakuna mtu wa Mwanza anayekanyaga duka lile. Na wote pale, watu wazima, wakawa wanatikisa vichwa kumuunga mkono, vijana wa siku hizi wamekuwa wezi.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama Bhoke, nimeishika kanga yake. Nilijua kwamba nikikaa kimya hakuna atakayejua kamwe. Makoye angejitetea, nani angemwamini? Nilimkumbuka alivyopanga makopo ili asimcheke mwalimu wake. Simu ikaanza kuita, Baba ameiweka sauti kubwa ili watu wote wasikie.

"Shikamoo, mwalimu!" sauti ya Makoye ikatoka, ya furaha. "Hongereni kwa harusi!"

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Baba, ni mimi niliyepaka! Nimepaka mafuta ya Shangazi!"

Kila mtu akanigeukia. Baba akaniangalia kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama muhula mzima. Kisha akaisogeza simu mdomoni.

"Marahaba, Makoye," akasema. "Hapana, hakuna neno. Nilikuwa nakusalimu tu."

Akaikata, akanijia. "Kwa nini, Mayu?"

"Ulisema ni viatu vya gari. Na viatu vyote vya harusi vimepakwa. Vyake tu ndivyo vilikuwa vimepauka."

Ndani ya gari nikasikia kitu kama mtu anapaliwa. Kilikuwa kicheko cha Shangazi Holo, kikianzia mbali, kikaja kikapanda, gari lote likaanza kutikisika juu ya mchanga. "Mwacheni mtoto!" akasema, machozi yanamharibia poda. "Mwacheni! Hata mimi visigino vyangu vinateleza toka asubuhi!"

Baba akavua koti. Akaomba maji ya moto, sabuni ya unga na majivu, Mama Bhoke akaleta vyote bila kulalamika, naye Baba akaanza kuzisugua zile raba kwa mswaki wa viatu, mstari kwa mstari, na mimi akanipa kitambaa nifute nyuma yake. Simu zikawa zinaita kutoka kanisani. Bwana harusi aliuliza kama bibi harusi amebadili mawazo. Mama akamjibu kwamba hapana, amesimama kidogo kununua dagaa. Baba alisuuza, akafuta, akasugua kwa mchanga mkavu, akafuta tena. Wanaume wakalisukuma gari mpaka barabarani, wakaweka mawe kwenye matairi.

Nilidhani sasa nitaambiwa nibaki nyumbani. Badala yake Baba akanishika kwapani, akaniinua, akaniketisha kwenye kiti cha dereva, akakisogeza mbele mpaka mwisho. Watu wote wakiwa wanatazama, bibi harusi nyuma na saa zinakwenda, akachuchumaa mlangoni.

"Vua ndala. Kanyaga breki."

Nikanyoosha mguu, nikakanyaga kwa unyayo mtupu. Mistari ya ule mpira niliihisi yote.

"Kwa nguvu. Inateleza?"

"Haitelezi."

"Sogeza mguu huku na huku. Inateleza?"

"Haitelezi, Baba."

"Una hakika? Nampakia dada yangu hapa. Ukisema iko sawa, tunakwenda. Ukisema haiko sawa, tunatembea kwa miguu, hata yeye."

Nikakanyaga tena, mara ya tatu, kwa mguu wote na nusu ya mwili wangu. "Nina hakika," nikasema.

"Basi twende."

Akanihamishia kiti cha pembeni, akakaa yeye, akaagiza mawe yaondolewe. Tukapanda tena mpaka mlangoni kwetu, kisha tukashuka kilima kizima upande wa pili tukielekea kanisani, kona baada ya kona, Shangazi akiimba nyuma, kuku wawili wakitufukuzia riboni kwa muda. Kila Baba alipokanyaga breki, nami nilikanyaga sakafu upande wangu, meno nimeyauma, macho kwenye barabara, wala sikuwahi kuuondoa mguu hata tulipofika tambarare. Tulipofika kanisani watu walitaka bibi harusi ashuke kwanza, kengele zilie. Ikabidi wasubiri. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, siwezi kusimama, na Shangazi Holo mwenyewe ndiye aliyezunguka na shela lake lote, akanifungulia mlango, akanishusha.